Mwezi mmoja wa misheni Mombasa: vijana wa Kengeleni, na tarehe niliyoandikishwa ubaoni

#1 Mwalimu wa Cherehani (Dodoma)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na ambao si wa imani hii, salaam zenu pia.

Uzi huu nimekaa nao moyoni tangu Septemba. Nikianza kuandika nafuta. Kilichonisukuma leo ni vijana watatu wa parishi yetu wanaokwenda misheni nje ya nchi baada ya Pasaka. Jana mmoja kaniuliza, "Dada, tubebe zawadi gani?" Nikaona hilo haliishi kwa jibu la dakika mbili mlangoni pa kanisa.

Mimi ni fundi, nafundisha ushonaji hapa Dodoma mwaka wa tisa sasa. Agosti mwaka jana nilikaa Mombasa mwezi mzima kwenye kituo cha vijana cha kanisa moja, maeneo ya Kengeleni, ukishavuka daraja la Nyali kutoka kisiwani. Vijana ni wa miaka 14 hadi 20 hivi. Wapo waliolala barazani kule Marikiti miaka miwili mitatu, wapo mabinti waliozaa wakiwa shuleni, wapo waliokuwa wakitumia unga na wengine bado wanatumia. Jina la kituo sitaji, jina la kijana sitaji, na picha hakuna. Sababu nitaifikia.

Nilipanda basi hadi Tanga, nikalala kwa binamu, asubuhi tukapita Horohoro, ambako ng'ambo yake wanaita Lunga Lunga, kisha Ukunda, kisha Likoni. Kivukoni watembea kwa miguu hawalipi. Feri ilijaa, tumesimama bega kwa bega, mama mmoja kakumbatia kuku ndani ya kikapu, na kila upande ninaposikiliza ni Kiswahili. Nikamshukuru Mungu kwamba hapa sihitaji mkalimani. Kosa langu la kwanza lilizaliwa palepale kwenye feri, kabla sijafika hata kituoni. Nitalieleza.

#2 Mwalimu wa Cherehani

Naendelea.

Mama mlezi wa kituo ni Mgiriama, miaka sitini na kitu, mwembamba, anavaa leso mbili kiunoni na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinipa dafu, akasubiri nilimalize, ndipo akasema: "Mwanangu, kabla hujawaambia umetoka wapi, waambie waondoka lini."

Nilikuwa nimeandaa ushuhuda wa robo saa na wimbo juu. Akanipa chaki. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: AGOSTI 30.

Vijana kama thelathini wakautazama ubao, kimya. Halafu mvulana aliyekaa kizingitini, kofia nyekundu imechakaa ukingo, akauliza, "Utarudi?"

Mdomo ulishafunguka kusema Mungu akipenda. Mama mlezi akanitazama. Nikasema, "Sijui. Nauli ya kurudi sina, na sijapanga." Yule kijana akavua kofia, akanyanyuka kizingitini, akaja kukaa benchi la pili kutoka mbele.

Wiki ya pili alinionyesha kilichokuwa ndani ya ile kofia. Alikuwa ametatua bitana, humo akaficha kijikaratasi ndani ya nailoni. Kwa kalamu ya bluu iliyosambaa kwa jasho, ilikuwa anwani ya barua pepe ya mgeni mmoja kutoka Ulaya aliyekaa kituoni wiki tatu, kijana huyu akiwa na miaka 11. Sasa ana 17. Mgeni alimwambia, "Niandikie wakati wowote." Mtoto hakuwa na simu. Alipofika miaka 13 alibeba magunia Kongowea mpaka akapata hela, akaenda saiba, duka la intaneti, akamlipa mwenye duka amwandikie. Jibu halikuja. Aliniuliza, kidole kikiwa juu ya karatasi, kama alama ile ni herufi "l" au ni namba moja.

Usiku ule nilijaribu zote mbili kwa simu yangu. Barua zote zilirudi, anwani haipo.

Mgeni yule simlaumu kwa roho mbaya. Naamini alimpenda mtoto kweli, wiki zile tatu. Lakini alipokwisha kufika kwao, neno "wakati wowote" lilibaki Mombasa likilala barazani na mtoto wa miaka 11. Mama mlezi anasema kijana huyu amepokea na kuaga vikundi kumi na moja. Nyimbo za kuagia anazijua kwa lugha nne.

Nilikuta pia stoo ya kituo: mipira, fulana za mikutano ya injili, katoni ya peremende zilizoyeyuka zikashikana na karatasi zake. Kwenye darasa la ushonaji kulikuwa na vyerehani sita vya kukanyaga, vizima, na bobini, vile vigurudumu vya uzi wa chini, mbili tu zinazofanya kazi. Mabinti kumi na mbili, bobini mbili. Huyu akishona kwa uzi mweupe, yule mwenye kitambaa chekundu anakaa, mikono mapajani, anasubiri. Nilihesabu siku ya kwanza: zaidi ya saa nzima ya somo ilikwenda kwa kusubiriana.

#3 Mzazi wa Kisauni

Dada, nimekusoma na sina ubaya nawe. Lakini niulize waziwazi, mie ni mzazi Muislamu na hao wengi ni watoto wetu. Kijana ana ndaa, hana pa kulala. Mtu akimjia na sahani ya wali mkono mmoja na kitabu mkono wa pili, huyo kijana ana hiari gani? Tushaona watu wakitolewa dini kwa mahamri. Mbona mwaja kwa watoto, hamwendi kwa baba zao?

#4 Mwalimu wa Cherehani

Shikamoo mzazi wangu. Swali lako nililikuta kituoni likiwa limeshaulizwa, tena na sheikh wa msikiti wa jirani, miaka kadhaa kabla yangu. Nakujibu kwa yale niliyoyaona kwa macho.

Maombi ya asubuhi ni saa moja, chumba cha pembeni, anayetaka aje. Chakula ni saa nne, uani, kwa kila mtu, hakiombewi kwa kipaza sauti wala hakitanguliwi na mahubiri. Uji, au chai na mahamri na mbaazi, na aliyekuja kula tu anakula tu. Ijumaa adhuhuri darasa linafungwa, wavulana wanakwenda msikitini. Aliye chini ya miaka 18 habatizwi wala hafundishwi katekisimo mpaka mzazi au mlezi wake aje mwenyewe na atie saini. Huyo sheikh sasa hivi ndiye anayewaleta baadhi ya mabinti waje kujifunza kushona.

Mimi ni Mkristo na nilikwenda kwa jina la Yesu, hilo silifichi. Nilitamani wamjue. Ila nilifundishwa pale kwamba njaa ya mtu si mlango wangu wa kuingilia.

Na sasa nikiri lile kosa la feri, maana linakuhusu.

Kulikuwa na binti wa miaka 16, Mdigo, mkono wake mwepesi kuliko wote darasani. Kila siku saa tano anakunja kitambaa, anaondoka. Siku ya tatu nikamwuliza mbele ya wenzake kwa nini hatulii kama wengine. Akasema, "Ticha, mamangu hawezi."

Nikamjibu, "Hawezi nini?"

Wakacheka wengine. Yeye hakucheka. Akasema tena polepole, kama mtu anayemsemesha mtoto, "Hawezi." Nikamwambia basi mama akiweza aje tuzungumze, na nikaandika kwenye daftari langu kwamba binti ni mtoro. Siku nne nilimhesabu mtoro.

Mzazi wangu, wewe unajua. Sisi wa bara huku tukisema hawezi tunangoja neno linalofuata. Kwenu neno limekwisha: mama ni mgonjwa. Nililijua Kiswahili tangu tumboni, nikavuka mpaka nacho, na mtoto ananiambia mama yake anaumwa simsikii. Mkalimani nilimhitaji.

Mama mlezi ndiye aliyenifungua macho, akanipeleka kwao upande wa Mtopanga. Chumba kimoja, mama kalala upande, miguu imevimba. Binti kachuchumaa anakoroga uji. Ndiyo safari yake ya saa tano kila siku: kumgeuza mama, kumwosha, kumlisha, kisha kutembea kurudi kituoni. Nilimwomba msamaha pale, mbele ya mama yake.

Nikauliza kama naweza kuwaombea. Mama akasema, "Omba. Lakini omba kwa sauti nisikie waniombea nini." Nikaomba apone, apate dawa, binti amalize kushona. Neno lingine sikuweka. Akaitikia amina. Kisha akaniuliza jambo moja tu: kabla ya hiyo tarehe yenu ya ubaoni, huyu atakuwa ashajua kushona dera?

#5 Mzazi wa Kisauni

Nimekufahamu, mwanangu. Hilo la kuomba kwa sauti nimelipenda. Endelea nakusoma.

#6 Mfuatiliaji wa Dar

Dada lile dera ulimfundisha? Umeacha pazuri.

#7 Mwalimu wa Cherehani

Nilimfundisha. Dera kwa wasiolijua ni gauni refu pana la kike, kazi njema kwa anayeanza, na Mombasa halikosi mnunuzi, kila mama analo la nyumbani na la kutokea. Kitambaa unakikunja, unakata shingo, unashona ubavuni ukiacha nafasi ya mikono, unapinda chini. Kinachowashinda ni shingo. Ukikata ndogo kichwa hakipiti, ukikata kubwa linaanguka begani, na kitambaa cha watu kimeharibika. Tulifanyia mazoezi kwenye magazeti kwanza, kisha leso kuukuu. Binti aliharibu shingo tatu za leso. Ya nne alikaa nayo muda mrefu, ulimi kauuma pembeni ya mdomo, akazungusha utepe bila kuvuta, akageuza, akapiga pasi kwa kiganja. Ilikaa. Hakusema kitu, akalivaa juu ya nguo zake, akaondoka nalo saa tano kwenda kumwonyesha mama.

Darasa langu lilikuwa chini ya mwalimu wa pale, dada wa Kisauni anayelipwa kidogo na hakosi siku. Wiki ya kwanza nilitaka kubadili mtaala wake. Nashukuru alikataa. Anawaandaa kwa mtihani wa ufundi wa serikali, ule wa NITA, gredi ya tatu, maana cheti hicho ndicho kinachomfungulia binti kiwanda au duka. Nilichofanya ni kukaa naye jioni baada ya vijana kuondoka, nikamwonyesha namna yangu ya kukata shati la kiume na kola, na yeye akanionyesha kanzu. Hicho alichojifunza yeye kinafundishwa mpaka leo hii ninapoandika. Nilichowafundisha vijana moja kwa moja, sijui kama nusu kimebaki.

#8 Afisa Ustawi Mstaafu (Mombasa)

Hongera kwa kutotaja majina. Niongezee kidogo kwa wanaotaka kuja Kenya, kwa sababu wengi huja na moyo mzuri na hawaulizi.

Sheria yetu ya Watoto ni ya 2022, na mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Tangu Novemba 2017 serikali ilisimamisha kusajili makao mapya ya watoto, kwa hiyo mtu asije na pesa za kufungua nyumba ya yatima akidhani ndiyo msaada. Mwelekeo sasa ni mtoto alelewe na familia, yake au ya jamaa, na makao yawe njia ya mwisho. Wengi wa hao tunaowaita mayatima wana mama, nyanya, mjomba. Walichokosa ni karo, chakula au amani ndani ya nyumba.

Pili, mgeni anayekaa na watoto aulizwe cheti cha polisi cha tabia njema, hata akiwa askofu. Pwani tumeumizwa na watu waliokuja kwa sura ya wafadhili. Ukiona jambo, piga 116, ni bure, saa yoyote.

#9 Mwalimu wa Cherehani

Ahsante sana mkuu. Hiyo 116 ndiyo namba yetu Tanzania pia, watu waishike kichwani.

Cheti cha polisi niliombwa kabla sijakata tiketi. Niliombwa pia nipitie uhamiaji nipate pasi maalumu, kwa sababu kazi ya kujitolea nayo ni kazi. Nasema hivi kwa sababu nimesikia watu wa kwetu wakisema Afrika Mashariki ni moja, unapita tu. Kupita unapita. Kufanya kazi uliza kwanza.

Na picha. Nilikwenda nimeahidi parishi yangu picha za kila Jumapili. Siku ya pili nikatoa simu. Mama mlezi akaufunika mkono wangu kwa mkono wake, taratibu tu, akasema, "Piga vyerehani." Nikapiga vyerehani. Jioni akanieleza: binti mmoja aliwahi kupigwa picha na wageni akiwa mjamzito, miaka 15, ikatumika kuomba sadaka. Sasa ana duka dogo la vitambaa, ana mchumba, na picha ile bado ipo mtandaoni, na tumbo lile, na maneno juu yake ambayo hakuyasema. Aliitafuta mwenyewe kwa simu ya mchumba wake.

Parishi yangu walipata picha tano za vyerehani na moja ya ubao. Wapo walionung'unika. Mchango ulipungua, nasema kweli. Katibu alinipigia kuniuliza kama vijana wenyewe wapo.

Suala la familia mkuu umelisema sawasawa. Nusu ya kazi ya kituo niliyoiona ilikuwa nje ya geti: kumsindikiza kijana kwa nyanya yake kule Kaloleni, kukaa mkekani, kusikiliza, kurudi wiki inayofuata kukaa tena. Na vyeti vya kuzaliwa. Kijana wa miaka 18 hana cheti, hivyo hapati kipande, yaani kitambulisho, hivyo hapati kazi yenye karatasi, na askari wakimkuta usiku hana cha kuonyesha. Mwalimu wa ushonaji alikuwa na bahasha nene ya maombi hayo, kila moja na hadithi yake ya hospitali alikozaliwa mtu au mkunga aliyekwisha kufa. Kazi hiyo haina wimbo wala ushuhuda wa madhabahuni, na mgeni wa mwezi mmoja haimalizi. Niliandika barua tatu kwa mkono, basi.

#10 Mfuatiliaji wa Dar

Na hao wa unga? Mtu anaombewa anaacha?

#11 Mwalimu wa Cherehani

Nitaandika nilichoona, na naomba msinibebeshe zaidi ya hapo.

Kijana mmoja, miaka 20, alikuwa anatumia heroini tangu akiwa 15. Mtaani wanawaita mateja, na siku hizi neno hilo siwezi kulitamka. Alikuwa ameandikishwa kwenye dawa ya methadoni, inayotolewa bure kwenye kliniki ya serikali kule Kisauni. Haichukuliwi nyumbani kirahisi. Kila siku unakwenda, Jumapili, sikukuu, mvua. Unafika dirishani, muuguzi anakupa kikombe kidogo, unakunywa mbele yake, na unasema neno ili aone umemeza. Ndipo unaondoka. Kesho tena.

Kazi yangu ilikuwa kumsindikiza asubuhi, kwa sababu njia kutoka alikolala inapita maskani ya wenzake wa zamani. Wanamwita kwa jina. Peke yake alikuwa anashindwa kupita. Tukiwa wawili, tena mwanamke mkubwa kama dada yake, walinyamaza au walinisalimia. Siku ya kwanza nilitembea nikihubiri. Siku ya pili nikasema kidogo. Kufikia wiki ya pili tulikuwa tunatembea tukizungumza mpira na mambo ya Dodoma, aliniuliza kama kweli zabibu zinalimwa Afrika, na alinishikia mkoba. Nilimwombea kila asubuhi, kimyakimya, tangu kona ya maskani hadi dirishani. Mimi naamini maombi yalikuwamo kwenye ile miguu. Wala sioni aibu kwamba Mungu alitumia kikombe cha kliniki.

Siku ya kumi na tisa hakuja. Nilisimama pale tulipozoea kukutana mpaka saa nne. Siku ya ishirini na moja akaja, macho chini. Muuguzi hakumgombeza. Alimwambia, "Karibu, tumekuhesabu siku mbili," akaonana na daktari kwanza, akaanza tena. Nililia njiani kurudi na yeye ndiye aliyenipa kitambaa.

Kuna muguka pia, majani ya kutafuna, rahisi kupata kuliko chapati, watoto wadogo wanatafuna kuzima njaa. Mei 2024 kaunti ya Mombasa iliyapiga marufuku, mahakama ikasimamisha amri, na mimi nilipofika vibanda vilikuwa wazi.

#12 Mchungaji Kijana (Iringa)

Dada, Mungu akubariki. Lakini nitakuuliza kama mtu wa injili: mwezi mzima, wangapi waliokoka?

#13 Mwalimu wa Cherehani

Mchungaji, hesabu hiyo sina, na fomu ya taarifa ya parishi ina mstari huo, niliuacha wazi.

Nikuambie tulikokwenda Jumamosi ya tatu. Tulichukua matatu na vijana kumi na wawili hadi Mazeras, tukapanda Rabai. Mmisionari Krapf aliingia Mombasa 1844, na Julai mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga upande huuhuu wa bara tunakokaa, ng'ambo ya kisiwa. Mwenzake Rebmann akamfuata 1846, wakaanza Rabai. Niliyajua haya shuleni, maana hata bibi yangu alibatizwa na watu wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana, kule Mpwapwa. Nilitaka vijana waone kanisa la kale, nami nilibeba somo langu kuhusu uvumilivu.

Lakini yule wa kofia nyekundu alishikwa na habari za kwao, za Kengeleni. Mzee aliyetuzungusha alieleza kuwa 1875 CMS walianzisha makazi ya Frere Town, pale pale ilipo kengele, kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na wengi wao walikuwa watoto. Kengele iligongwa kuwaonya wavamizi wakija. Kijana miaka yote amepita chini ya ile kengele akielekea sokoni na gunia mgongoni, hakuwahi kuambiwa kwamba waliokusanywa pale walikuwa watoto wasio na pa kwenda.

Akauliza, "Hao watoto walirudi kwao?"

Mzee akasema wengi hawakurudi. Walichukuliwa wadogo mno, wengine kwao hawakukujua tena. Wakakaa, wakaoana, wakazaa.

"Na nani alikaa nao?"

Akaeleza habari za Waafrika waliookolewa utumwani vivyo hivyo, wakasomeshwa Nasik kule India, kisha wakaletwa Rabai na Frere Town. Hao ndio waliokuwa walimu, mafundi, makatekista. Walizikwa hapa.

Somo langu la uvumilivu sikulitoa. Kijana alibaki nyuma, akazunguka makaburi peke yake, mikono mgongoni kama mzee. Kwenye matatu akaniambia anataka kujifunza useremala, na kwamba akijua atawafundisha wadogo pale kituoni. Mchungaji, sijui hilo niliandike mstari gani wa fomu.

#14 Mzazi wa Kisauni

Useremala alianza?

#15 Mwalimu wa Cherehani

Alianza Oktoba, mzazi wangu, kwa fundi wa Bombolulu. Mwalimu wa ushonaji kaniandikia. Asubuhi sana bado anabeba mizigo Kongowea, saa mbili yuko karakana. Kijana wa methadoni anaendelea, alikosa tena mara moja Novemba, akarudi. Sasa anasindikizwa na wa kofia nyekundu. Mama wa yule binti alifariki Desemba. Binti anakaa kwa shangazi yake, anashona madera, mtihani wa NITA bado.

Agosti 30 niliondoka kama ubao ulivyosema. Hapakuwa na wimbo wa kuaga, Mama mlezi hataki tena. Tulikula pilau, tukaosha masufuria pamoja, nikafuta ile tarehe kwa mkono wangu. Kijana wa kofia akanisindikiza mpaka kituo cha matatu. Hakuniomba anwani. Nilimpa namba ya simu ya kituo nikamwambia nitapiga hapo Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa kumi, na sijaahidi zaidi. Mpaka sasa sijakosa, na siku moja nilipiga nikiwa foleni ya dawa hospitalini na mtoto mgongoni.

Sasa ninyi watatu mlioniuliza tubebe nini. Kabla hamjafunga begi, mpigieni simu mwalimu wa huko mwendako, mwulizeni kimeisha nini. Kama ni Mombasa, mimi nimeshamwuliza: bobini za chuma, dazeni mbili, ziwe za cherehani cha kukanyaga, maana si kila bobini inakaa. Sindano namba 14 na 16. Mkanda wa ngozi wa cherehani, mita sita, wataukata wenyewe. Uzi mweusi na mweupe kwa wingi, rangi nyingine kidogo. Mafuta ya mashine msibebe, yanamwagika kwenye nguo, yapo tele Marikiti.